Kijiko Kwenye Sinia

Sinia la pilau lilipotua mkekani, Bi Zuwena alitazama vidole vyake, vilivyopindwa na baridi yabisi mpaka haviwezi tena kushika tonge. Karamu tatu mfululizo alisingizia kufunga. Leo alifungua mkoba, akatoa kijiko chake, mpini umezungushiwa vitambaa ukanenepa kama mchi.

"Siku hizi mwenzetu mzungu," alisema wifi yake, Mwanahawa.

"Vidole vimekataa, wifi. Tumbo halijakataa."

Wenzake watatu wa sinia hilo walivuta pilau upande wao, kana kwamba kijiko kinaambukiza, mpaka katikati ya sinia pakabaki mfereji mtupu. Nyama zote zilikuwa ng'ambo.

Bi Zuwena alikishika kijiko kwa mikono miwili, akavuka.