Milimita Tatu

Sheria ilimtaka kila fundi wa gesi aishi na familia yake mwezi mzima katika nyumba aliyolehemu mabomba yake, kabla mwenye nyumba hajahamia. Asubuhi ya kwanza Mbaruku alisimama jikoni na mchoro mkononi, mkewe Mwanaidi akisubiri na sufuria ya uji.

"Baba Rehema, mbona umeganda?"

"Usiwashe kwanza."

Alirudia hesabu kwa sauti. Bomba moja milimita mia nne, la pili mia tatu. Yakishaungwa, mchoro ulisema mia sita tisini na saba. Basi yalipandana milimita tatu tu, na unene wa bomba ulikuwa mbili. Fundi yeyote angepandanisha sita, mara tatu ya unene, ili gesi isivuje.

"Hukuwaambia waliokupa mchoro?"

"Mchoro ni wa mashine. Ukiukosoa, unafutwa ufundi."

"Kwa hiyo ukaunga tatu."

"Nikaunga tatu."

Mwanaidi alimbeba mtoto. "Basi washa wewe. Sisi tuko barazani."

Kabla hajavuka kizingiti, sauti ya upole ya mashine ikatoka darini. "Wakaazi wawili wanapungua. Tafadhali rudini ndani."

Mwanaidi akarudi. Akamkalisha Rehema kwenye kona ya mbali kabisa na jiko, akachukua kiberiti.