Ngazi kwenye Mkaki

Haiku ya mwisho ya marehemu babu, shairi la mistari mitatu, ilikuwa mezani. Jioni ilitakiwa itundikwe kwenye ukumbi wa kijiji pamoja na picha niliyopiga, kama mimi na babu tulivyofanya kila mwaka.

Tunda la mwisho
tuwaachie ndege.
Mimi nashuka.

Nikampa bibi picha yangu: tunda moja jekundu la kaki, juu kabisa ya mkaki wetu.

"We Ryohei, tunda si keshalitaja? Picha ikirudia shairi ya nini? Babu yako angekucheka mpaka meno yamtoke."

"Yalikuwa yanamtoka hata asipocheka."

Bibi akacheka, akatoka kuiondoa ngazi. Ilikuwa bado imeegemea mkaki, pale pale babu alipoiacha.

Nikamfuata na kamera, nimenuna. Zamani babu akipanda, bibi anashika ngazi, huku wanabishana tunda gani libaki la ndege.

Bibi akaishika. Lakini hakuivuta. Aliibana kwa mikono miwili, akakanyaga kipago cha chini isiteleze, akatazama juu. Hakukuwa na mtu.

"Shuka taratibu," akasema.

Nikainua kamera.