Tope la Shavuni

Mama Makoye alikataa matanga, maana duara, shimo la wachimba dhahabu, lilipomfukia mwanawe, mwili haukupatikana. Akataka nimchore huyo mwanawe.

Nilipaka uso ubaoni kwa rangi ya maji, ukakauka. Juu yake nikapaka ya mafuta, na shavuni nikachora tope.

"We binti, mwanangu mchafu hivyo?"

"Ndivyo alivyopita kwangu mara ya mwisho, mayu, mama yangu."

Alifunga chumba, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga.

Asubuhi tulifungua pamoja. Tope limefutwa. Kwenye rangi mbichi pana alama za vidole vinne, cha mwisho kifupi, kama kile cha Makoye kilichokatwa na sururu.

Mama hakulia. Aliwasha moto, akateleka maji.

"Toka nje, binti. Makoye haogi mbele ya wanawake."