Salamu Haziruhusiwi

Swali lilianza kwa salamu, na kwenye tovuti ile salamu haziruhusiwi. "Wakubwa wa mchezo, hamjambo? Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu." Hakimu akazifuta kama anayepangusa makombo mezani.

Hakimu ndilo jina walilompa mtandaoni. Kazi yake, ya kujitolea, ilikuwa kupembua maswali ya michezo ya video: hili libaki, hili lifungwe. Michezo yenyewe hakuigusa tena tangu mwaka jana. Ila kanuni alizijua nje ndani.

Akasoma yaliyobaki. "Nyumba ya mchezaji asiyeingia mwaka mzima hubomolewa. Ya mwanangu inabomolewa leo, saa kumi na mbili jioni. Nifanyeje niingie kwa jina lake niinusuru?"

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

"Binti yangu," baba yake akaita kutoka chumba cha pili, "nina kaswali."

"Mimi ninayo mia mbili, baba! Uliza mtandaoni, huko wajuaji wamejaa tele."

"Haya. Chapa kazi."

Hakimu akamwandikia muulizaji: "Kwa nini mwanao asiingie mwenyewe?"

Jibu lilikawia. "Hawezi."

"Basi mwambie aulize yeye."

Likakawia zaidi, kama la mtu anayetafuta kila herufi kwa kidole kimoja. "Nikimwambia, hasikii."

Hakimu akaguna. Wezi wa akaunti ndivyo wanavyokuja, wapole kama maji ya mtungini. Mwezi uliopita mmoja alilia ana bibi mgonjwa. Wakamwonea imani, akakomba akaunti ya mtoto wa watu, akaacha jina tupu.

Msimamizi mwenzake, aliyejiita Chumvi, akachomekea neno: "Huyu mzee kanigusa. Tusimwachie kweli?"

"Mwizi naye hupiga hodi," Hakimu akajibu. "Mchezo hapa haumo. Ni mambo ya watu na watoto wao."

"Haya bwana. Rungu unalo wewe."

Kidole cha Hakimu kilisita juu ya kitufe. Ile "hofu na mashaka" ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakujua kwa nini. Nani siku hizi anaandika hivyo?

Akabonyeza. Swali limefungwa: nje ya mada.

Akapembua mengine thelathini, lakini macho yalikuwa kwenye saa. Kumi na mbili ikafika, ikapita. Huko kwenye mchezo, nyumba ya mtu ilikuwa imekwenda na maji.

Mlango ukagongwa taratibu. Baba yake alisimama pale, miwani imeteleza hadi nchani mwa pua. Mkononi alishika simu ya kitindamimba wao, ile yenye kioo kilichopasuka, waliyokabidhiwa hospitali mwaka jana pamoja na nguo zake.

"Mwanangu, samahani nakusumbua," akasema. "Hivi, 'nje ya mada' maana yake nini?"