Milimita Sifuri

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua iliangusha ukuta wa choo cha walimu, ikazoa kuni za jikoni, ikamwacha jogoo wa mlinzi juu ya mti akitafakari maisha. Saa tatu asubuhi Mwalimu Rukia alifungua kipimamvua cha shule, akachungulia chupa iliyomo ndani, akaandika katika daftari: milimita sifuri.

Ilikuwa sifuri ya tisa mfululizo tangu mvua zianze.

Kwa kumbukumbu rasmi, basi, shule yetu ya wasichana ilikuwa katika ukame mkali. Kwamba wanafunzi walikwenda bwaloni wamekunja sketi hadi magotini, na kwamba maharage yaliiva nusu kwa sababu kuni zimelowa, hayo hayakuwa na nafasi katika daftari.

Kilichomuuma Mwalimu Rukia ni kuwa mvua hii aliiomba mwenyewe. Miaka minne alikitunza kipimamvua kile kama kitanda cha mgeni aliyeahidi kuja. Alikisugua, akakizungushia uzio wa waya, akautia kufuli, asiruhusu hata kuku kukisogelea. Miaka minne aliandika sifuri kwa uaminifu. Sasa mbingu zimefunguka, na kuna mtu anaimaliza mvua kabla haijapimwa.

Na kulalamika hawezi. Dodoma hii nani athubutu kuitamkia mvua neno baya? Kila aliyempita uani alimwambia, "Mwalimu, tushukuru!" Naye, tope likiwa limekwisha kummezea kiatu kimoja, alijibu meno yamebana, "Tushukuru."

Funguo za kufuli zilikuwa mbili. Mmoja ulining'inia msumarini nyumbani kwa mwalimu, hatua ishirini kutoka kwenye uzio. Wa pili ulikaa shingoni mwa Angelina wa kidato cha tatu, kiranja wa jiografia, ambaye ndiye pia aliyeweka chura katika boksi la chaki mwaka jana. Upelelezi, kwa hiyo, haukuchukua muda.

Jumamosi hiyo hiyo Angelina aliitwa barazani kwa mwalimu. Barua ilikuwa tayari mezani: kusimamishwa masomo wiki tatu. Kilichokosekana ni sahihi tu, na Mwalimu Rukia, kwa bahati mbaya ya Angelina, ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Kwao Haneti, baba yake alikwisha kuapa: ikija barua nyingine ya shule, binti atabaki nyumbani kuchunga mbuzi, na vitabu wapewe mbuzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Maji yangu yako wapi?"

"Mwalimu, mbona yamejaa kila mahali."

"Angelina!"

"Samahani, mwalimu. Sijayagusa. Hata kama ni utani, nani amwage maji Dodoma? Huo si utani, ni dhambi."

"Na chura?"

"Chura nilikiri, mwalimu. Siku ile ile."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimchukiza mwalimu zaidi.

"Mlinzi Matonya amelinda mlango wa bweni lenu usiku wa tatu huu."

"Ameniona nikitoka?"

"Hajakuona hata mara moja. Ndipo nikajua una ujanja kuliko nilivyodhani."

Kwa ushahidi wa namna hiyo, hata wakili angeomba radhi akaenda zake.

Ndani kulisikika mlio wa kijiko. Bi Mwanaidi, mama yake mwalimu, alikuwa amekuja kutoka Kondoa siku kumi zilizopita kutibiwa magoti, na tangu afike, chai ya nyumba ile ilikuwa imeongoka. Maji ya kisima cha shule yana chumvi. Maziwa hukatika, na chai hutoka na ladha ya msumari. Lakini chai ya mama ilikuwa laini, ya rangi ya asali. Mkono wa mama, alijisemea mwalimu, na hakuuliza zaidi. Katika msimu huu wa sifuri, kikombe kile ndicho pekee kilichomwendea sawa.

Bi Mwanaidi alitoka akichechemea, akatua kikombe cha chai mbele ya binti yake.

"Shikamoo, bibi," alisema Angelina.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona machozi?"

"Ni mvua tu, bibi."

"Mambo ya shule, mama," alisema Mwalimu Rukia. "Usijali."

Alipiga funda refu, akafumba macho kidogo, akahisi roho inarudi mahali pake. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi, akaisukuma barua upande wa pili wa meza.

"Kesho baba yako aje akuchukue, korongo likipitika. Nimemaliza."

Angelina aliichukua barua kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea maiti ya ndege. Bi Mwanaidi alimtazama, akatazama kikombe kimoja kilichokuwa mezani, akaona haya.

"Unisamehe, mjukuu wangu, kukuacha bila chai kama huna kwenu. Maji ya batini yana kinyesi cha popo, ya kisimani yana chumvi, hayo nakunywa mimi mwenyewe. Masafi ni yale anayoyatega mwanangu huko ndani ya uzio, na ile chupa yake, nikiiendea alfajiri, haipiti kikombe kimoja."