Dang'a ya Kuro

Kuro, ambaye wasiojua humwita swala, alijifungua ndama wake wa kwanza siku ambayo kundi lilikuwa linahama. Ndama asiyeweza kutembea angeachiwa fisi.

Nyani mjuaji, aliyezaa jana yake, akaja kumwona.

"Bibie, maziwa hayo ya manjano ni uchafu. Yakamue chini, umlambishe mtoto asali. Wangu namlea hivyo."

Kuro akasita. Tohe, jirani yake mkimya, akatua mzigo wa majani mabichi mbele yake.

"Kula, dada, usihangaike na malisho. Hiyo ni dang'a, chakula cha kwanza cha mtoto na kinga yake. Mpe yote."

Kuro akala, akanyonyesha.

"Tutaona atakavyotambaa," Nyani akacheka.

Jua lilipopinda, kundi likaondoka. Ndama akasimama, akayumba, kisha akatembea ubavuni mwa mama yake, naye Kuro akainua kichwa juu kuliko pembe za madume.

Nyuma yao Nyani alikuwa amekaa chini, mwanawe amelegea kwa kuharisha.

"Dada Kuro, nigawie dang'a kidogo."

Kuro akarudi pamoja na Tohe, akamwambia:

"Ya mwanao unayo kifuani mwako. Mnyonyeshe. Matunda yako tutakutafutia sisi."