Kopo la Pili

Kofi lilimkuta fundi cherehani akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe hakuwa wake.

Muuza nyama alifungua kanga kwa nguvu, akamchomoa mwanawe kama anayeokoa kitu motoni. Kibonge, mwaka mmoja na nusu, mashavu yamemeza macho, alilia akimnyooshea fundi mikono. Baba yake akampandisha mabegani.

"Miezi sita nakulelea, shemeji, asubuhi mpaka jioni," fundi alisema, shavu linawaka. "Leo unanipiga?"

"Shemeji yako nani? Kutwa nzima sijauza hata robo kilo! Wateja wanasema mwanangu anashinda kwenye nyumba ya ugonjwa."

Nje watu walishaanza kujaa.

Habari ilitoka asubuhi hiyohiyo. Dada wa afya alikuja na karatasi ya maabara, akaisoma kwa sauti ya chini, lakini dirisha lilikuwa wazi. Kopo la kwanza safi. Kopo la pili lina kirusi cha polio. Mwenyewe alishangaa, akaisoma tena. Fundi alifungua mdomo aseme kitu. Akamtazama Kibonge, aliyekuwa chini ya meza akivuta nyuzi, akaufunga.

Wiki tano nyuma, binti wa fundi, wa miaka saba, aliamka mguu mmoja umelegea kama nguo mbichi. Kazi ya dada wa afya ni hiyo: kila mtoto anayelegea ghafla, yeye anafika na kasha lake la barafu. Alitaka choo cha mtoto makopo mawili, la leo na la kesho yake. La kwanza lilipatikana upesi. La pili likawa kazi. Binti alikalishwa kwenye poti uani tangu alfajiri, akapewa maji, akapewa papai, tumbo gumu kama ubao.

"Barafu inayeyuka, mama," dada wa afya alisema akitazama saa. "Bila la pili tumefanya kazi bure. Hatutajua mguu una nini."

Fundi alichukua kopo, akaenda uani, Kibonge mgongoni. Alikawia. Aliporudi alikuwa nalo mkononi, limefungwa vizuri.

"Si nilikwambia? Papai haliniangushi!" dada wa afya alicheka. Fundi alikwenda kunawa.

Sasa muuza nyama alikuwa ametoka na mwanawe, fundi amefunga mlango. Jiwe lilipita dirishani, likapasua kioo juu ya kitanda cha binti. Mtoto alipiga kelele, akajaribu kukimbia, mguu ukamkatalia, akaanguka juu ya vipande vya kioo. Mlango ulipigwa mateke mpaka bawaba zikang'oka.

Dada wa afya alifika akihema, chupa za matone mkononi, akasimama mlangoni, mikono ameitandaza. "Nisikilizeni! Kirusi hiki kinakaa hata kwa mtoto anayeruka na kucheza, hana hata mafua! Niacheni niwape watoto wenu wote matone!"

"Nenda na mavi yako!" mtu alidakia, watu wakaangua kicheko. Kicheko hakijaisha, wakamsukuma. Paji la uso lilipiga ngazi, damu ikamfunika jicho.

Cherehani ilitoka ikiburutwa, ikapondwa kwa tofali. Fundi aliivamia, akapigwa teke la mbavu, akajikunja. Mwanamke aliyemshonea sare za wanawe juzi tu alimvuta nywele hadi barabarani. Binti alitupwa nje baada yake, kama mzigo.

Fundi alimlalia mwanawe. Mawe mawili yalimpata mgongoni. La tatu lilivunja kidole.

"Ngojeni!" Muuza nyama alinyanyua shoka lake la mifupa. Kibonge alikuwa juu ya mabega, mikono imeshika masikio ya baba yake, kidogo acheke. "Mimi si mwonevu. Naapa mbele yenu nyote: mwenye hicho kirusi, awe mtoto wa nani, hatalala mtaani hapa. Aondoke na mama yake, aondoke na baba yake. Akibaki, nyumba naichoma mwenyewe. Mnasemaje?"

"Aondoke!" waliitikia. "Awe wa nani!"

"Umesikia, fundi? Una neno?"

Fundi alitema jino. Alimsikia binti yake chini ya kifua akitetemeka. Alinyanyua kichwa, akatazama juu ya shoka, juu ya uso wa muuza nyama, mpaka kwenye yale mashavu aliyoyafuta makamasi miezi sita. Machozi yakamtoka kwanza, ndipo maneno.

"Binti yangu siku ya kopo la pili hakupata choo," alisema. "Aliyepata ni Kibonge."

Mikono yenye mawe iligeuka, mmoja baada ya mwingine.